Bafa inapofurika: namna jina refu linaweza kupindua ordinatere nzima

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, ordinatere za vyuo vikuu na vituo vya uchunguzi vya Marekani zilianza kuwa nzito moja baada ya ingine. Mutu alikuwa anazima mashini, anaiwasha tena, na kisha muda mufupi inarudia kuwa nzito vilevile. Baadhi ya hizo mashini zilikuwa zimepokea ujumbe wa baiti 536 kwenye nafasi iliyotengenezwa kwa baiti 512. Baiti 24 za ziada zilitosha kufungua mulango.

Kosa hilo linaitwa kufurika kwa bafa ya steki. Ni la zamani, lakini ndugu zake wangali wanapatikana mu programu ambazo watu wanatumia kila siku, na hata mu telefone. Habari hii inaeleza kinachotokea ndani ya memori, namna kosa linageuzwa kuwa silaha, ulinzi uliotengenezwa, na sababu gani jambo hili linamuhusu pia mutu wa Bunia, Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie ambaye hajawahi kuandika programu hata moja.

Hii si ile "memori imejaa"

Kwanza kuondoa mukanganyo. Watu wengi wakisikia memori, wanafikiri nafasi ya kuweka picha na video, ile ambayo telefone inaonya kwamba imejaa. Hiyo ni gala. Gala ikijaa, mutu anafuta video za zamani na mambo yanaendelea.

Memori inayozungumuziwa hapa ni ile ya kazi. Ni kama meza ambayo programu inatandika vitu vyake wakati iko inatumika. Ni safu ndefu sana ya visanduku vidogo. Kila kisanduku kina namba yake, inayoitwa adresi, na kinabeba baiti moja, kwa mufano herufi moja ya jina.

Ndani ya visanduku hivyo kuna namba tu. Herufi A, kwa mufano, inawekwa kama namba 65. Bei ya muzigo ni namba. Na hata maagizo yanayoiambia mashini "hesabu", "andika", "futa", nayo ni namba. Kwa kuangalia kisanduku peke yake, mashini haijui kama iliyomo ni jina la mutu ao ni agizo. Huo ndio muzizi wa habari hii yote.

Sekretere na rundo lake la karatasi

Sehemu moja ya memori inaitwa steki, maana yake rundo. Ili kuielewa, mutu awaze sekretere wa ofisi ya kartye.

Sekretere yuko anaandika barua. Mugeni anaingia, anaomba kuandikishwa. Sekretere anachukua karatasi mpya, anaiweka juu ya ile ya barua. Kusudi asisahau kazi aliyoiacha, anaandika chini ya karatasi mpya: "Nikimaliza, nirudie barua, mustari wa 7." Akiwa anaandikisha mugeni, anapaswa kuhakikisha jambo fulani mu kaye ya mwaka uliopita. Anaweka karatasi ya tatu juu, nayo ina mustari wake wa kurudi. Akimaliza, anaondoa karatasi ya juu, anasoma mustari wa chini, na anarudia kazi iliyotangulia. Karatasi iliyowekwa mwisho ndiyo inaondoka kwanza.

Programu inafanya hivyohivyo, mara nyingi sana kila sekunde. Imegawanywa katika kazi ndogondogo zinazoitwa fonksio. Kila fonksio ikiitwa, inapata karatasi yake juu ya rundo. Kwenye karatasi hiyo kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni nafasi za kuandikia habari za muda. Nafasi ya namna hiyo, iliyopimwa mbele ya kazi kuanza, ndiyo inaitwa bafa. La pili ni ule mustari wa chini: adresi ya kurudi, yaani mahali programu itaendelea kisha fonksio kumaliza.

Hatari iko hapo. Maneno ya mugeni na agizo la ofisi vinakaa kwenye karatasi moja, vikiwa majirani.

Namna bafa inafurika

Tuseme mutengenezaji wa programu amepanga visanduku 8 kwa jina. Programu zilizoandikwa kwa luga ya C zinaweka pia alama moja ya kufunga kisha herufi ya mwisho, nayo inachukua kisanduku chake.

Furaha anaandika jina lake: herufi 6 na alama 1, jumla 7. Linaingia vizuri. Mapendo ana herufi 7 na alama 1, jumla 8. Limejaa kabisa, lakini hakuna shida. Tumusifu ana herufi 8 na alama 1, jumla 9. Hapo alama ya kufunga imemwagikia kwa jirani. Christophe ana herufi 10 na alama 1, jumla 11. Visanduku vitatu vya jirani vimefutwa na kuandikwa upya.

Kama programu haikupima urefu wa jina mbele ya kuandika, hakuna anayeisimamisha. Inaendelea kuandika, kisanduku kwa kisanduku, kama sekretere anayefuata kalamu bila kuangalia mustari wa mwisho wa nafasi.

Na kalamu inaelekea wapi? Kwenye ordinatere nyingi, steki inakua kutoka adresi kubwa kwenda adresi ndogo, lakini bafa inajazwa kutoka adresi ndogo kwenda kubwa. Kwa hiyo kinachofurika kinaelekea moja kwa moja upande ambao adresi ya kurudi imewekwa. Kwa mufano, mu mashini ya biti 32 yenye mupango rahisi, kisha bafa ya baiti 8 kunakuja baiti 4 za kukumbuka mahali karatasi ya chini inaanzia, kisha baiti 4 za adresi ya kurudi. Mutu akiandika herufi A mara 16, adresi ya kurudi inageuka kuwa namba 65 mara nne. Programu itajaribu kwenda kuendelea na kazi mahali pasipo na kitu.

Mambo manne yanayoweza kutokea

La kwanza: hakuna kinachoonekana. Kilichofutwa hakikuwa na maana wakati huo, na programu inaendelea. Kosa la namna hiyo linaweza kukaa miaka mingi bila mutu kuligundua.

La pili: habari za jirani zinabadilika. Kama kando ya jina kulikuwa kisanduku kinachosema "huyu si mukubwa wa mashini", namba mupya ndani yake inaweza kumfanya mugeni kuwa mukubwa, bila hata adresi ya kurudi kuguswa.

La tatu: programu inakufa ghafla, juu adresi ya kurudi imekuwa namba ya ovyo. Wengi wanasema tu "imekwama". Si kila kukwama ni shambulio. Mara nyingi ni kosa la kawaida.

La ine ndilo baya zaidi. Mutu mwenye nia mbaya anapima urefu vizuri. Ndani ya jina la uongo anaficha maagizo yake, yaliyoandikwa kwa namba ambazo mashini inafahamu. Kisha anahesabu hadi kufikia adresi ya kurudi, na pale anaandika adresi ya mwanzo wa maagizo yake mwenyewe. Ni kama mugeni ameandika jina refu hadi chini ya karatasi, akafuta mustari wa sekretere, na kuweka: "Ukimaliza, fuata yale niliyoandika hapo juu." Sekretere anatii, juu yeye kila siku anatii mustari wa chini. Maneno ya mugeni yamekuwa agizo la ofisi.

Usiku wa 1988

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ule usiku wa Novemba. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitoa programu yenye kujizalisha yenyewe, ile wataalamu wanaita munyoo. Aliiachilia kupitia ordinatere ya MIT, chuo kingine.

Munyoo ulitumia njia mbalimbali, kati yake kubahatisha maneno ya siri. Lakini njia moja ilikuwa ya kufurisha bafa. Mashini nyingi za wakati huo zilikuwa na programu ndogo inayoitwa finger, iliyojibu swali la kawaida: ni nani anayetumia mashini hii? Swali liliwekwa mu bafa ya baiti 512. Munyoo ulituma "swali" la baiti 536. Ndani yake mulikuwa baiti 400 zinazosema tu "pita mbele", kusudi mashini ikianguka popote hapo iteleze hadi kwenye maagizo yenyewe. Maagizo yenyewe yalikuwa mafupi sana, baiti 28. Kazi yao ilikuwa kufungua dirisha la amri, na kwa dirisha hilo munyoo ulijileta muzima.

Ujumbe huo ulikuwa umepimwa kwa mashini za aina ya VAX. Kwa mashini za aina ingine, kama zile za Sun, programu ya finger ilikufa tu bila kumfungulia mutu. Adresi na maagizo vinaachana toka mashini moja hadi ingine, kama vile ufunguo wa nyumba moja haufungui nyumba ya jirani.

Munyoo haukufuta faili za watu. Uharibifu ulitoka kwa kuzaana: ulirudia kuingia mu mashini ileile mara nyingi hadi ikashindwa kufanya kazi. Makadirio yanayotajwa sana yanasema mashini karibu 6 000 ziliguswa, kati ya karibu 60 000 zilizokuwa kwenye intaneti nzima wakati huo. Mwezi huohuo, kituo cha kupokea habari za hatari za namna hii, CERT, kilianzishwa kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Morris alihukumiwa mwaka 1990: miaka 3 ya kuangaliwa nje ya jela, saa 400 za kazi ya jamii, na faini ya dola 10 050. Baadaye alikuwa mwalimu kwenye MIT.

Sababu gani mashini haikupima?

Luga ya C ilizaliwa kwenye maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Dennis Ritchie. Memori ilikuwa ndogo na ghali, na luga hiyo ilimwachia mutengenezaji wa programu kazi yote ya kupima. Ilikuwa na fonksio inayoitwa gets, inayosoma mustari na kuuweka mu bafa bila kuuliza bafa ina ukubwa gani. Programu ya finger ilitumia hiyo gets.

Dawa yake si ngumu. Fonksio nyingine, fgets, inaomba kwanza kuambiwa ukubwa wa bafa, na inasimama ikifika kwenye mupaka. Hata hivyo, gets iliondolewa mu kanuni za luga ya C mwaka 2011 tu, miaka 23 kisha munyoo wa Morris.

Ulinzi, na kanari wa wachimbaji

Kwa sababu watu wanakosea, wataalamu waliongeza ulinzi mwingine, mumoja juu ya mwingine.

Wa kwanza unaitwa kanari. Jina linatoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza, mahali wachimbaji walishuka na ndege mudogo mu kizimba. Hewa ya sumu ikiwepo, ndege alianguka mbele ya watu, nao wakatoka mbio. Mu steki, kanari ni namba ya siri inayowekwa kati ya bafa na adresi ya kurudi. Mbele ya kurudi, programu inaangalia: namba ingali ileile? Kama imebadilika, mutu amepita juu yake, na programu inajizima yenyewe kuliko kutii adresi iliyochafuliwa. Njia hiyo ilijulikana mwaka 1998 kupitia kazi iliyoitwa StackGuard.

Wa pili ni kukataza steki isifuatwe kama maagizo. Mahali pa kuandikia majina panabaki pa majina tu. Windows XP ilipata ulinzi huo mwaka 2004, mu toleo lake la pili la marekebisho.

Wa tatu ni kuchanganya adresi. Kila mara programu inapoanzishwa, vitu vinapangwa mahali tofauti, kusudi mushambuliaji asijue aandike adresi gani. Android iliingiza ulinzi huo toka toleo la 4.0, mwaka 2011.

Wa ine ni kutumia luga ambazo zinapima zenyewe, kama Java, Python na Rust. Mutu akipita mupaka wa bafa, luga yenyewe inamusimamisha.

Hakuna hata mumoja kati ya hizo unaotosha peke yake. Washambuliaji walijifunza, kwa mufano, kutoleta maagizo mapya na badala yake kuunganisha vipande vya maagizo vilivyo tayari ndani ya programu. Mwaka 2019, Microsoft ilisema kwamba karibu asilimia 70 ya makosa ya usalama inayotengeneza kila mwaka yanatoka kwa matumizi mabaya ya memori. Kufurika kwa bafa ni moja tu ya familia hiyo.

Dawa ilikuwepo, haikumezwa

Tarehe 25 Januari 2003, munyoo mwingine, Slammer, ulishambulia programu ya Microsoft ya kutunza habari, SQL Server. Ulikuwa na baiti 376 tu, mufupi kuliko aya moja ya habari hii, na uliingia kwa kufurisha bafa ya steki. Mwanzoni, hesabu ya mashini zilizoguswa iliongezeka mara mbili karibu kila sekunde 8,5. Kwa muda wa dakika 10 hivi, mashini nyingi zilizokuwa na kosa hilo zilikuwa zimeisha kupatikana, angalau 75 000. Mashini za kutolea pesa za Bank of America zilikwama.

Jambo la kuhuzunisha ni hili: Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya kosa hilo toka Julai 2002, miezi sita mbele. Waliokuwa wameiweka hawakuingiliwa na munyoo. Wale ambao hawakuiweka, hata wakizima mashini na kuiwasha, munyoo ulitoka lakini ulirudi, juu mulango ulibaki wazi.

Na telefone?

Mwezi wa Mei 2019, WhatsApp ilitangaza kufurika kwa bafa mu sehemu yake ya kupiga simu za sauti. Mushambuliaji alihitaji tu namba ya telefone ya mutu. Alituma vipande vya habari vilivyotengenezwa kwa ujanja, na mutu hakulazimika hata kujibu simu. WhatsApp ilisema watu karibu 1 400 walilengwa, kati yao waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, ilishitaki kampuni ya Israeli, NSO Group, kwenye mahakama ya Marekani, na Desemba 2024 mwamuzi alisema kwamba kampuni hiyo ina kosa.

Kwa inchi ambamo mutandao wa WhatsApp unabeba habari za familia, za biashara na za usalama, mufano huo si wa mbali. Dawa ilikuwa kuweka toleo jipya.

Mutu anaweza kufanya nini?

Mutumiaji hawezi kutengeneza bafa ya programu iliyoandikwa na mwingine. Lakini anaweza kumeza dawa ikitoka.

Mega ni ghali, hilo linajulikana. Mwenye mega kidogo aanze na vitu vitatu: mufumo wa telefone wenyewe, programu ya kufungulia intaneti, na ile ya kuzungumuza, kama WhatsApp. Akipata Wi-Fi kazini ao kwa rafiki, afanye hizo kwanza mbele ya video. Kisha aizime telefone na kuiwasha, juu marekebisho ya mufumo mara nyingi hayaanzi kazi mupaka hapo.

Programu zinazopitishwa kwa Bluetooth ao Xender mara nyingi ni matoleo ya zamani, na nyingine zimechezewa. Mu nyumba za kuchapisha na kufotokopi, Windows 7 ingali inapatikana; Microsoft iliacha kuitolea dawa tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini ya namna hiyo inaweza kuandika barua vizuri, lakini si mahali pa kuingizia neno la siri la benki.

Antivirusi inasaidia, lakini haizibi tundu. Inatafuta mwizi anayejulikana. Haitengenezi mulango uliovunjika.

Kwa wanafunzi wa informatike, somo ni fupi zaidi: kila kinachotoka inje, hata jina la mutu, kipimwe mbele ya kuandikwa. Mu kazi za shule pia, gets iachwe kabisa, na maonyo ya programu ya kutafsiria yasomwe.

Maneno ya kukumbuka

Bafa: nafasi iliyopimwa mu memori kwa kupokea habari.
Steki: rundo la memori ambamo kila fonksio inaweka vitu vyake vya muda, kilichowekwa mwisho kinaondoka kwanza.
Adresi ya kurudi: mahali programu itaendelea kisha fonksio kumaliza.
Kufurika: kuandika kupita mupaka wa bafa, na kufuta vya jirani.
Kanari: namba ya siri inayoonyesha kwamba mupaka umevukwa.
Munyoo: programu inayojizalisha na kusafiri yenyewe toka mashini hadi mashini.